Maternité ya Ndege, Nguba

Mikono yake ilinuka vitu viwili, sabuni ya hospitali na mtama. Ukimsalimia asubuhi, harufu hiyo unapanda nayo mpaka sokoni, na mteja wa kwanza anakuuliza kama umetoka kwa mgonjwa au kwenye banda la kuku. Hakuna mtu pale Nguba, mtaa wa kando ya ziwa, aliyemwita kwa jina. Hata padri, akisoma matangazo baada ya misa, alisema tu, “Sage-femme anawakumbusha akina mama wajawazito,” na kanisa zima lilijua nani anakumbusha, na kwa sauti gani. Alikuwa mkunga mkuu wa hospitali. Wanafunzi waliopita mbele ya nyumba yake na mikoba yao, wengi wao walikuwa wamepita kwanza mikononi mwake, bila mkoba na bila nguo.

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sijui. Nilimuuliza mara moja, akanijibu kwa kuniuliza kama ninaenda choo vizuri. Sikurudia.

Mimi wakati ule, miaka ya suti za abacost na kazi za lazima za salongo, nilikuwa na meza yangu katika soko la Kadutu, upande wa vitu vyenye pumzi: kuku, sungura, simbilisi, njiwa, na ndege wadogo kwa watu wenye nafasi ya kukaa na kuwasikiliza. Nyumbani kwangu ni Cimpunda, ambako ukianika shati lazima ulikalie macho mpaka likauke. Ndiyo maana kila kitu ninakihesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mteja, mara ya pili kwa ajili yangu. Nasema haya mjue kwamba sikuwa mtu wa kutishwa na mnunuzi. Yeye alinitisha.

Alikuwa na sheria moja, na hiyo moja ilimtosha kwa dunia nzima: “Kitu chenye hauangalie, kinaharibika.” Aliwaambia wauguzi, aliwaambia waashi, alimwambia padri kuhusu paa la sakristia. Akiingia nyumbani kwa mtu alifunua sufuria kabla hajapewa kiti. Sokoni aligeuza nyanya moja moja, akanusa sambaza, wale dagaa wa ziwa, mpaka ungefikiri anawasikiliza. Wauzaji walipomwona anakuja walianza kukumbuka kwamba wana shughuli nyingine mahali pengine.

Kule maternité, wodi ya wazazi, alikuwa na namna yake ya kutangaza. Hakusema ni mvulana wala ni msichana. Alisimama mlangoni, miwani imepanda juu ya paji la uso, akaita: “Baba iko wapi?” Na wanaume wote waliokuwa kwenye benchi walisimama, hata wale waliokuja tu kumtazama mgonjwa wa malaria. Aliyekuwa baba kweli alipelekwa bombani kunawa mpaka kwenye viwiko, na alipomaliza alirudishwa kunawa tena. Binti yangu wa kwanza nilimpata namna hiyo. Nilinawa mara mbili, na kwa mara moja maishani mwangu si mimi niliyetaka hesabu ya pili.

Nikampelekea kuku wa shukrani. Akamgeuza kichwa chini, akampanua mabawa, akavaa miwani, akaangalia miguu.

“Iko na upele.”

“Maman, ni zawadi.”

“Na upele pia ni zawadi?”

Kuku yule alipanda nami tena mpaka Kadutu. Wa pili nilimwogesha mwenyewe.

Lakini msidhani alikuwa chuma mwili mzima. Redio ikitoa kwaya ya watoto aliacha kila kitu, akageukia ukuta, na wewe ulitakiwa uutazame ukuta wa upande wa pili mpaka wimbo uishe. Na lugha zake alizigawa kama mtu anavyogawa funguo. Kifaransa kilikuwa cha madaktari. Kiswahili kilikuwa chetu sisi wengine. Mashi, ambayo ndiyo aliyonyonya nayo, sikumsikia akiisema hospitalini wala njiani, hata kwa mtu wa kwao. Aliiweka kwa ajili ya ndege.

Ndege walianza hivi. Hospitali ilimpa nyumba ya kukaa pale Nguba, na nyuma ya nyumba daktari mmoja Mzungu aliyeondoka alikuwa ameacha kibanda kikubwa cha waya cha kufugia ndege, volière kama alivyoiita. Alikikuta kimejaa kuni. Akatoa kuni, akaziba matundu, akasugua miti yake kwa brashi ya sakafu, kisha akaja kwenye meza yangu. Nilikuwa na vindege vya kahawia vyenye midomo myekundu, wale ambao wategaji wa Kabare huwakamata kwa ulimbo katika mashamba ya mtama.

“Banaume ni ngapi, banamuke ni ngapi?”

“Bamechanganyika, Maman. Kama batu ba soko.”

“Nani alikuambia?”

“Mutegaji.”

“Na yeye, nani alimuambia?”

Ndege hao, dume na jike wanafanana kama misumari miwili ya pakiti moja. Akamchukua mmoja, akampulizia manyoya ya tumbo, akamtazama chini ya miwani, akamtazama juu ya miwani. Mkunga wa miaka yote ile, na hakuona kitu. Akamrudisha kwenye kitunga taratibu.

“Garantie?”

“Garantie, Maman.”

Akachukua kumi na wawili.

Siku moja nilipokuwa nampimia mtama alinieleza, bila mimi kuuliza, kwa nini anawataka. “Kule hospitali,” akasema, “bananiita wakati mambo imeisha kuanza. Tumbo iko tayari, kelele iko tayari. Nataka mara moja tu nione kitu kutoka mwanzo.” Kisha akaangalia mizani yangu na kuniomba niondoe kidole.

Basi akaifanya volière kuwa maternité. Seremala alimtengenezea visanduku vyenye vifuniko, akavipaka rangi nyeupe, akavipa namba kama vitanda, akavitundika juu kwa mstari mmoja. Kila asubuhi kabla ya kazi alivaa blauzi yake nyeupe ya kazi, akaingia, akafanya mzunguko. Alifunua kisanduku namba moja, akaingiza kidole, akafuta kwa javel, maji ya kuua vijidudu, akafunika. Kisha namba mbili. Kisha sakafu: kila jani kavu lililolala pembeni, kila ukoka uliosokotwa nyuma ya mti, aliuokota na kuutupa nje. Ndege walikusanya majani mchana, yeye aliyakusanya asubuhi. Kwake yalikuwa uchafu. Nani angemwambia vingine? Utaanzia wapi kumfundisha Sage-femme namna ya kupanga maternité?

Mvua za kwanza ziliua wawili. Kumi walibaki, wanene, wasafi, wanaimba vizuri. Yai hata moja halikuonekana. Mwaka ukapita, na mwingine.

Jirani yake upande wa miyenzi, ile miti ya ua, alikuwa afisa wa forodha, na tulimwita Douanier. Alikuwa mtu wa kicheko, mwenye kuku wengi na tumbo lililofika kwenye ua kabla yake. Kila asubuhi blauzi nyeupe ilipoingia kwenye waya, yeye alikuwa pale na kikombe chake cha chai.

“Sage-femme! Maternité iko na bitanda, bagonjwa bako wapi?”

“Nakungojea wewe na hilo tumbo. Imefika mwezi ya ngapi?”

Walikuwa wanapendana sana, kwa namna ya watu wanaokaa ua mmoja na hawawezi kuhama. Ila Douanier alikuwa na hoja. Siku moja akaisema wazi: “Huyu mutu wa Kadutu alikuuzia kambi ya jeshi. Banaume batupu.”

Hapo ndipo shida ikavuka ua na kunifikia mimi. Sage-femme hakuwa mtu wa kuamini kwamba maternité yake ina kasoro, kwa hiyo kasoro ilibidi iwe kwenye bidhaa. Alikuja sokoni, akasimama mbele ya meza yangu wakati wateja wamejaa, akasema kwa sauti ya kuita baba: “Mumuulize kwanza kama hizo kuku zake ni kuku.” Akaondoka. Alirudi wiki iliyofuata kununua mtama, akasema tena. Mtu anaweza kuishi Kadutu akiitwa mgumu, hata akiitwa mchoyo. Akiitwa mwongo na mwanamke aliyezalisha nusu ya soko, afadhali akauze mkaa Bagira.

Jumamosi moja ya salongo, avenue nzima ikiwa nje na majembe, na mimi nimepita tu kuleta mtama, Douanier alijiegemeza kwenye jembe lake akasema mbele ya watu wote: “Citoyenne, hii volière iko nakula nafasi bure. Waya ya namna hii, mimi ningeweka kuku, zingezaa bapacha.”

Sage-femme aliacha kulima. Akajifuta mikono.

“Pasaka,” akasema. “Jumatatu ya Pasaka. Kama hakuna mutoto humu ndani, unakuja na tenaille yako ya kukata waya, unachukua yote na miti yake. Na bandege banarudi kwa huyu mwongo.” Kidole kilinielekea mimi, na gunia la mtama bado liko begani mwangu.

“Na kama mutoto iko?”

“Kama mutoto iko, unaleta muchanga ya ziwa, unabeba kwa kichwa, na uniforme yako. Na kofia.”

“Kofia juu ya muchanga, ao muchanga juu ya kofia?”

“Utachagua.”

Wakapeana mikono. Avenue ilicheka mpaka mkuu wake akakumbusha kwamba salongo ni kazi. Mimi sikucheka. Niliona volière ya mwanamke yule na jina langu vimewekwa kwenye sahani moja ya mizani, na upande wa pili kuna ndege kumi ambao hata mama yao asingejua nani ni nani.

Blauzi nyeupe ikaingia kwa juhudi zaidi. Javel mara mbili. Vifuniko asubuhi na jioni.

Kisha mama yake akafariki. Alikuwa bibi mzee sana, alikuwa akikaa naye, na kwa muda mrefu Sage-femme alimfunua shuka kila asubuhi kabla ya kufunua visanduku, kumtazama miguu, kumtazama macho. Alilala mchana mmoja, binti yake akiwa kazini, hakuamka. Nilikwenda kutoa pole na gunia la makaa. Nyumba ilikuwa imejaa. Saruji ya sebule ilikuwa imetandikwa majani makavu, watu wa matanga wanalala juu yake kama inavyotakiwa, na shangazi yake alikuwa ameshuka kutoka Walungu na mfuko mmoja na fimbo. Huyo Shangazi, nywele nyeupe tupu, mfupi kama mwanafunzi wa darasa la pili, aliweka kiti mlangoni, akauliza mafagio yako wapi. Akaletewa. Akayakalia.

Sage-femme alisimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu ambaye hakuwa na haraka ya kumjibu.

“Shangazi, nyumba imejaa batu. Acha tufagie. Iko microbe.”

“Tuko kwa matanga. Hakuna kufagia.”

“Microbe haiko na matanga!”

“Basi ingojee,” akasema Shangazi, “kama sisi.”

Ikangojea. Hakuna fagio lililogusa nyumba wala ua wala volière. Upepo wa ziwa ulipanda jioni, ukachukua majani ya sebuleni yaliyomwagika nje, ukayabandika kwenye waya na kuyapenyeza ndani. Ukoka ukaanza kuota kwenye kona ya volière. Siku ya kumaliza matanga watu walinyolewa pale pale nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa paa, na nywele zikabaki chini kando ya waya. Shangazi alinyolewa wa kwanza, kisha akasimama, akarudisha mafagio kama mtu anayerudisha silaha.

Sage-femme alifagia sebule. Akafagia ua, akafagia njia mpaka barabarani. Alipofika kwenye mlango wa volière aliweka mkono kwenye komeo, akasimama hapo, akauondoa.

“Kule muache,” akasema.

Kuanzia siku hiyo mtama aliurusha kupitia matundu ya waya, na maji aliyamimina kwa mpira wa perfusion, ule wa dripu, bila kufungua mlango. Blauzi ilibaki msumarini. Nilipoleta mtama nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya jikoni, anatazama ziwa. Nikasema la biashara, kwamba mtama umepanda. Akaitikia, hakubishana. Hapo nikaogopa kweli.

“Nilimuangalia kila asubuhi,” akaniambia. “Na ameenda.”

Miezi ikapita, ukoka ukafika magotini, Pasaka ikawa inakaribia. Nilipiga hesabu zangu: yeye haingii tena, ndege hawajazaa alipokuwa anaingia, basi mambo yamekwisha. Mtu wa soko hujipanga. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na Douanier kuhusu mlango wa volière, maana ulikuwa mlango mzuri wenye bawaba za shaba, na yeye kwa kuku wake hakuuhitaji.

Jumatatu ya Pasaka tukafika. Douanier na tenaille, uso umevaa huruma ambayo haikumtosha vizuri. Mimi na vitunga viwili vya kuwekea ndege. Majirani kwenye ua wa miyenzi, na nguo zao za misa ya jana. Shangazi, ambaye matanga yaliisha lakini hakuondoka, kwenye kiti chake mlangoni. Sage-femme alikuwa amevaa pagne, kitenge cha sikukuu. Akafungua komeo mwenyewe.

“Uchukue banaume bako,” akaniambia.

Niliingia, nikasimama katikati ya ukoka. Kabla ya kunyoosha mkono nikahesabu, kwa sababu mtu akirudishiwa mali anahesabu. Nikakunja uso. Nikahesabu tena.

“Maman,” nikasema, “ulinunua bengine kwa mutu mwingine?”

“Mimi? Umeniibia wewe, nimetosheka.”

“Bako kumi na nne.”

Douanier akaingia na tumbo lake, waya ukalia. Akahesabu kwa tenaille, anaelekeza mmoja mmoja. Kumi na nne. Kumi walikuwa na midomo myekundu, ninaowajua. Wanne walikuwa na midomo myeusi na mikia mifupi, na waliruka kama mtu aliye juu ya baiskeli ya kuazima, wanalenga tawi moja na kutua kwenye jingine.

“Hao ni ba-clandestins,” akasema Douanier, kwa sauti ya kazini. “Bameingia bila papier.”

“Bameingia wapi?” Sage-femme alipitisha kiganja kwenye waya, upande huu, upande ule, juu, chini, kama anavyopapasa tumbo la mama. “Onyesha shimo.”

Shimo halikuwepo.

Ndipo mmoja wa wale wa midomo myeusi alipojikunyata kwenye tawi, akapindisha shingo, akafungua mdomo mpaka tukaona rangi ya koo, akaanza kulia na kutetemesha mabawa. Mmoja wangu, wa mdomo mwekundu, ndege wa garantie, akamrukia kando, akamtumbukizia chakula ndani. Wa pili akaja kudai. Wa tatu akaanguka njiani, akapanda tena.

Sage-femme alipiga magoti kwenye ukoka na pagne yake ya Pasaka. Akatenganisha majani taratibu, akaenda mpaka kwenye kona. Pale chini kabisa, mbali na visanduku vyake vyeupe vyenye namba, palikuwa na tufe la majani makavu, yale yale ya matanga, lenye mlango mdogo ubavuni. Juu yake kulikuwa na kiota kingine, kidogo, kiko wazi na kitupu, kama kimewekwa hapo kwa ajili ya mkaguzi. Mlango wa lile la chini ulitandikwa manyoya ya kuku wa Douanier na nywele nyeupe za binadamu.

Akanyoosha kidole, kile kile cha kila asubuhi. Nilimwona. Kilifika karibu ya mlango kabisa. Akakirudisha, akakifunga ndani ya ngumi, na ngumi akaiweka kifuani. Mabega yake yakaanza kutikisika, na sisi sote tukatafuta ukuta wa kutazama, mpaka tuliposikia ni kicheko.

“Hata hapa!” akasema. “Hata hapa nimekuta mambo imeisha kuanza!”

Akasimama, ukoka kwenye magoti, miwani ikapanda juu ya paji la uso. Akavuta pumzi ya hospitali nzima.

“Baba iko wapi?”

Wanaume kwenye ua walinyooka wote. Douanier alijikuta ameinua mkono, na tenaille ndani yake. Mimi pia nilisimama, nami nilikuwa nimekwisha kusimama. Vigelegele vikaanzia kwa mke wa Douanier, vikapita nyumba hadi nyumba kuelekea ziwani. Shangazi akaja na fimbo yake, akainama mbele ya ile kona, akatazama kwa muda mrefu nywele alizonyolewa.

“Microbe yako imezaa,” akasema.

Deni la Douanier lililipwa Jumamosi iliyofuata, mbele ya salongo. Alipanda kutoka ziwani na sinia la mchanga kichwani, uniforme imepigwa pasi, vifungo vinang'aa, jasho linatiririka mpaka kwenye mkanda. Alichagua mchanga juu ya kofia. Kila alipopita majembe yalisimama, na wanawake wakamwimbia wimbo wa kumsindikiza bibi harusi. Alikuwa anaitikia kwa mkono mmoja, kama mkubwa aliyeko ziarani. Mchanga wenyewe ulimwagwa nje ya mlango wa volière, kwa sababu ndani hakuna aliyeruhusiwa kuingia.

Na mimi nilipata changu. Sage-femme alikuja Kadutu siku ya soko kubwa, akasimama pale pale alipozoea kuniharibia, akangoja watu wanyamaze.

“Nilimuita huyu mutu mwongo mbele yenu. Siyo mwongo.” Akanitazama juu ya miwani. “Iko tu na bahati.”

Nilichukua hiyo. Kadutu, bahati inauza kuliko ukweli. Wiki ile sikubaki na ndege hata mmoja wa kuniamsha asubuhi.

Msifikiri alibadilika. Nyanya aliendelea kuzigeuza, sufuria aliendelea kuzifunua, na mtoto wangu wa nne nilimnawia mara mbili kama wa kwanza. Visanduku vyeupe tu ndivyo vilivyoshuka. Nilivikuta jikoni, namba moja ina chumvi, namba mbili ina vitunguu.

Nilimwona kwa mara ya mwisho Bagira. Alikuwa amestaafu, nyumba ya hospitali ilikwisha kupewa mwingine, na yeye alihamia kwenye nyumba ndogo yenye kiwanja cha mihogo. Sehemu ya waya wa zamani ilikuja naye. Volière hii ilikuwa na kimo cha mtu tu, ukoka umejaa ndani, huwezi kuona ukuta wa nyuma. Mbele yake aliweka kiti chake, na kiti kilitazama barabara. Mgongo wake ndio uliowaelekea ndege. Aliongea nao hivyo hivyo, bila kugeuka, Mashi tupu, na wao walijibu nyuma ya shingo yake.

Aliniangalia viatu kwanza. Nikamwambia nimekuja kununua, si kuuza. Binti yangu, yule wa kunawa mara mbili, alikuwa ameolewa na kukaa karibu nami Cimpunda, alitaka kitu cha kuimba nyumbani. Akaingiza mkono kwenye kamlango kadogo, bila kutazama, akanitolea sita.

“Banaume ni ngapi?” nikauliza.

“Bamechanganyika. Kama batu ba soko.”

“Nani alikuambia?”

“Muuzaji mumoja wa Kadutu. Iko na bahati.”

“Garantie?”

“Garantie.”

Akataja bei. Nikaikata katikati. Akaitaja tena, ile ile, kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma kipimajoto. Tukafika kwenye bei yake. Alipokuwa ananifungia kitunga akanishika kifundo cha mkono, na vidole vyake bado vilinuka sabuni na mtama.

“Usibaangalie.”

“Maman, nitajua namna gani kama bamezaa?”

“Siku hesabu itakukatalia.”

Tuliwawekea waya na majani kwenye kona ya ua, Cimpunda, na nikamkataza binti yangu fagio upande ule. Alinicheka, mkwe wangu alinicheka. Noeli ilikuwa bado haijafika. Asubuhi moja nikapeleka mtama, na kwa kuwa mazoea ni mazoea, nikahesabu. Nikahesabu tena. Nikaweka bakuli chini, nikatoka mpaka katikati ya ua, penye nguo zimeanikwa na watu wanakunywa chai, nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo.

“Baba iko wapi?”

Wanaume watatu walisimama.